Sir William Wallace hakupigania kiti chake

Kila mjadala wa Uskoti kujitenga unapopamba moto mtandaoni, jina la William Wallace halikosi. Mmoja atasema alikuwa mfalme wa Waskoti. Mwingine atasema alikuwa mkulima fukara aliyeshika silaha baada ya mkewe kuuawa. Wa tatu, hasa kama ameiona ile filamu ya Hollywood ya mwaka 1995, Braveheart, atasema alipaka uso rangi ya buluu, akavaa sketi na kumpa mimba binti mfalme wa Ufaransa. Mfalme hakuwa, fukara hakuwa, na hilo la tatu haliwezekani hata kwa hesabu ya miaka. Linalobaki ni swali zito ambalo watu wengi hawaliulizi: mahakama ya London ilimhukumu kifo kwa uhaini, je, alimsaliti nani?

Jibu la swali hilo ndilo linalofungua maisha yake yote, nalo limefungwa ndani ya neno moja: kiapo.

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane juu ya maneno. Humu, Uingereza ni ule ufalme wa kusini wenye makao yake London. Uskoti ulikuwa ufalme mwingine wa kaskazini, wenye mfalme wake, sheria zake na mpaka wake. Kabaila ni mtu aliyepewa ardhi na aliye juu yake, naye akamlipa kwa utii na kwa askari wakati wa vita. Naiti ni mpiganaji wa farasi aliyevikwa cheo hicho kwa sherehe na kuitwa Sir. Angeweza kuwa na ardhi kubwa au kipande tu, na cheo hakikumfanya kuwa mtoto wa mfalme. Kiapo cha utii ndicho kilichowashikanisha watu hawa: unapiga magoti, unaweka mikono yako kati ya mikono ya bwana wako, unaapa kuwa mtu wake. Kuanzia hapo ukimpiga vita wewe ni msaliti. Usipoapa, ni adui tu, na adui hana hatia ya usaliti.

Kiti kilichobaki wazi

Tarehe 19 Machi 1286 Mfalme Alexander III wa Uskoti alikuwa akisafiri kwa farasi usiku wa dhoruba karibu na Kinghorn, akaanguka, akafa. Wanawe wote walikuwa wamekufa kabla yake. Mrithi alikuwa mjukuu wake Margaret, mtoto mdogo aliyekuwa Norwe. Waskoti wakachagua watu sita kushika nchi kwa niaba yake, na cheo chao kikaitwa Mlinzi wa Ufalme. Kikumbuke cheo hiki, kwa sababu ndicho Wallace atakachokuja kukishika. Mwaka 1290 Margaret naye alifariki njiani, katika visiwa vya Orkney, akiwa na miaka 7.

Wakajitokeza wadai 13. Wenye hoja nzito walikuwa wawili: John Balliol, na Robert Bruce mzee, babu wa yule Robert Bruce atakayekuja kuwa mfalme. Kwa kuogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Waskoti walimwomba Edward I wa Uingereza awe msuluhishi. Fikiria ndugu wanaogombea mirathi ya shamba, wanamwita jirani tajiri aamue, naye anasema: nitaamua, ila kwanza wekeni saini kwamba shamba lenyewe liko chini yangu. Ndivyo alivyofanya Edward. Wadai walikubali, kwa kuwa aliyekataa alijua atakosa kiti. Novemba 1292 Balliol alitangazwa mshindi, na akasimikwa huko Scone.

Uamuzi wenyewe, kwa sheria za wakati ule, ulikuwa wa haki. Balliol alitoka katika tawi la binti mkubwa wa ukoo wa kifalme. Ubaya ulikuja baadaye. Edward alianza kusikiliza rufaa za kesi za Kiskoti mahakamani kwake, akamwita Balliol ajieleze kama mtumishi, na mwaka 1294 akadai Waskoti wakapigane vita vyake Ufaransa. Waskoti wakafanya kinyume: mwaka 1295 walitia saini mapatano na Ufaransa.

Adhabu ilikuja upesi. Mwishoni mwa Machi 1296 jeshi la Edward liliuteka mji wa Berwick na kuwachinja raia wake kwa wingi. Tarehe 27 Aprili jeshi la Uskoti lilivunjwa Dunbar. Mwezi Julai Balliol alilazimishwa kujiuzulu, nembo ya ufalme ikanyofolewa kwenye joho lake, na Waskoti wakamwita "koti tupu". Jiwe walilotumia kusimikia wafalme lilibebwa hadi Westminster, na halikurudishwa rasmi Uskoti hadi mwaka 1996. Kisha wenye ardhi wakapangishwa mstari kuapa kwa Edward na kuweka mihuri yao. Orodha hiyo ipo hadi leo, ina majina zaidi ya 1,500.

Jina la William Wallace halimo.

Kijana wa familia gani?

Hadithi ya mkulima fukara, pamoja na ile ya mke aliyeuawa, imetokana kwa sehemu kubwa na utenzi mrefu wa mshairi mmoja wa miaka ya 1470, zaidi ya miaka 160 baada ya Wallace kufa. Utenzi huo ni mtamu, na umewalea Waskoti wengi katika kuipenda nchi yao. Lakini mtunzi wake alihitaji shujaa wa kuimbwa, naye akamjaza visa kwa wingi: amemfanya avamie hadi karibu na London, jambo ambalo halikutokea.

Ushahidi wa kuaminika zaidi ni muhuri wake mwenyewe, uliobandikwa kwenye barua ya mwaka 1297. Unamtaja kuwa William mwana wa Alan Wallace, na upande wa nyuma una upinde na mshale. Alan Wallace anaonekana katika ile orodha ya viapo kama mwenye ardhi wa Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Kwa hiyo tunazungumzia familia ya wenye ardhi wa ngazi ya chini: si watu wa kasri, wala si watu wa jembe. Ukoo huo ulikuwa wa nyanda za chini, si wa milimani kaskazini. Sketi ya Kiskoti tunayoijua ilianza kuonekana karibu miaka 300 baadaye. Rangi ya buluu usoni ni habari ya makabila ya enzi za Warumi, zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Wallace vitani alivaa kama naiti mwingine yeyote wa Ulaya, yaani deraya ya pete za chuma, kofia ya chuma na ngao.

Daraja la Stirling

Mwezi Mei 1297 Wallace na wenzake walimuua William Heselrig, liwali wa Kiingereza wa Lanark. Muda mfupi baadaye walivamia Scone, na jaji mkuu wa Edward akakimbia kuokoa roho yake. Wakati uleule upande wa kaskazini palikuwa na mwasi mwingine ambaye filamu imemsahau kabisa: Andrew Moray. Huyu alikuwa mtoto wa kabaila mkubwa, alitekwa Dunbar, akatoroka kifungoni Chester, akarudi nyumbani na kukomboa ngome moja baada ya nyingine. Makabaila wakubwa wa kusini, Robert Bruce kijana akiwemo, nao waliinuka, lakini walisalimu amri Irvine mwezi Julai. Wallace na Moray hawakusalimu. Waliunganisha majeshi.

Tarehe 11 Septemba 1297 walikutana na jeshi la Edward Stirling, na hapa inafaa tutulie, maana watu wengi husema Waskoti walishinda kwa ujasiri. Ujasiri walikuwa nao. Walishinda kwa kuisoma ardhi.

Mto Forth ulikuwa na daraja la mbao ambalo farasi wawili tu wangeweza kupita sambamba. Ng'ambo ya kaskazini njia ilikuwa tuta jembamba juu ya ardhi tepetepe, na mto ulijikunja ukaizunguka sehemu hiyo kama mfuko. Anayevuka anaingia mfukoni. Takriban kilomita moja na nusu mbele kulikuwa na kilima cha mwamba kiitwacho Abbey Craig, na juu yake Waskoti walikaa wakiona kila kitu.

Waingereza waliongozwa na John de Warenne, kabaila wa Surrey, mtu mzima mwenye afya mbovu, pamoja na mweka hazina Hugh Cressingham. Asubuhi kikosi cha kwanza kilivuka, kikaamriwa kurudi kwa sababu Warenne alikuwa bado amelala. Watawa wawili wa Kidominiko wakatumwa kumtaka Wallace ajisalimishe. Akajibu kwamba hawakuja kutafuta amani bali kupigana na kuikomboa nchi yao. Naiti mmoja Mskoti aliyekuwa upande wa Waingereza, Richard Lundie, aliwaonya kwamba wakipita darajani wamekufa. Alijua mahali pa juu ya mto ambapo watu 60 wangevuka kwa pamoja, naye akaomba apewe kikosi awapige Waskoti kwa nyuma. Cressingham alikataa, akisema fedha za mfalme zimetumika vya kutosha na vita viishe. Kwa ubahili huohuo alikuwa ameshawarudisha nyumbani askari wa nyongeza.

Jeshi likaanza kuvuka wawili wawili. Wallace na Moray walingoja. Kungoja huku ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu wakishuka mapema wanapigana na wachache na jeshi kubwa linabaki zima. Wakichelewa, wanapambana na jeshi lote. Walishuka pale waliovuka walipofikia idadi wanayoimudu. Kundi moja la wenye mikuki lilikimbilia mdomo wa daraja na kuuziba. Waliovuka hawakuweza kurudi, walioko ng'ambo hawakuweza kusaidia, na farasi wenye deraya hawakuwa na mahali pa kukimbilia kwenye tope. Cressingham aliuawa, na Waskoti waliomchukia kwa kodi zake walimchuna ngozi. Jambo hilo ni la kweli na ni la kikatili, hakuna haja ya kulificha. Warenne aliamuru daraja livunjwe, akakimbilia Berwick.

Katika filamu, vita hivi vinapiganwa uwanjani na daraja halipo kabisa. Ukiondoa daraja, umeondoa sababu ya ushindi.

Moray alijeruhiwa na hakuumaliza mwaka ule akiwa hai. Kabla ya hapo, tarehe 11 Oktoba, kutoka Haddington, ilitoka ile barua yenye muhuri, kwa majina ya wote wawili, kwenda miji ya Lübeck na Hamburg, Ujerumani. Yaliyomo ni ya biashara: wafanyabiashara wenu waje bandarini kwetu bila hofu, kwa sababu ufalme wa Uskoti umekombolewa kutoka kwa Waingereza kwa vita. Mwezi mmoja tu baada ya ushindi, watu hawa walikuwa wanafikiria mauzo ya nje. Kwangu hiki ndicho kipimo cha Wallace kuliko upanga wowote.

Na tukiutaja upanga: ule unaoonyeshwa katika Mnara wa Wallace pale Abbey Craig una urefu wa mita 1.63 na uzito wa karibu kilo 2.7. Watu huutumia kudai kwamba alikuwa jitu. Umeungwa kwa vipande, na umbo lake ni la panga za mikono miwili zilizotumika karne za baadaye.

Mlinzi kwa niaba ya nani

Kufikia Machi 1298 Wallace alikuwa amepewa unaiti na kufanywa Mlinzi wa Ufalme. Hati aliyoitoa Torphichen tarehe 29 Machi, akimpa ardhi Alexander Scrymgeour wa Dundee, inamtambulisha hivi: naiti, Mlinzi wa Ufalme wa Uskoti na kiongozi wa majeshi yake, kwa jina la Mfalme John.

Mfalme John ni yuleyule Balliol, "koti tupu", aliyekuwa mikononi mwa Waingereza wakati huo. Wengi husita hapa: kwa nini ampiganie mtu dhaifu namna ile? Kwa sababu bila mfalme halali, Wallace angekuwa mwasi na Uskoti ingekuwa shamba lisilo na mwenyewe. Kwa jina la Balliol, hati zake zilikuwa na nguvu, ardhi aliyoigawa iligawika kisheria, na mataifa mengine yalikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Hakuna hati hata moja ambamo Wallace anajidai kiti.

Falkirk, na kasoro ya duara

Edward mwenyewe alirudi kutoka vitani Flanders (Ubelgiji ya leo) na kuingia Uskoti mwaka 1298 na maelfu ya askari, wengi wao wa miguu kutoka Wales. Wallace alirudi nyuma akiacha nchi tupu. Mpango huo karibu ufaulu: meli za chakula zilichelewa kwa sababu ya upepo, askari wa Wales walipewa divai tumbo likiwa tupu wakafanya fujo, na Edward alikuwa tayari kurudi. Ndipo habari zikamfikia kwamba Wallace yuko karibu na Falkirk. Usiku huo farasi wake alimkanyaga akamvunja mbavu. Alfajiri alipanda hivyohivyo.

Tarehe 22 Julai Wallace aliwapanga watu wake katika duara nne kubwa, kila duara ukuta wa mikuki yenye urefu wa zaidi ya mita 3 ikielekea nje pande zote. Katikati ya duara na duara walikaa wapiga upinde, na nyuma farasi wachache wa makabaila. Farasi hakubali kujitosa kwenye mikuki iliyosimama imara, na kweli, mashambulizi ya kwanza ya Waingereza yalishindwa. Walipoteza zaidi ya farasi 100, idadi inayojulikana kwa sababu mfalme aliwalipa fidia wenye farasi na makarani wakaandika.

Duara lina kasoro yake. Limesimama. Mpiga upinde akikaa mbali, watu wa mikuki hawawezi kumfuata bila kuvunja safu, na wakiivunja farasi wanaingia. Dawa yake ni kuwa na farasi wa kwenda kuwatawanya wapiga upinde, lakini farasi wa Uskoti walikuwa wameondoka uwanjani bila kupigana. Wapiga upinde wa Kiskoti walikuwa wameshakatwa. Mishale ya Edward ikatoboa mianya katika duara, farasi wakaingia kwenye mianya, na yaliyofuata yalikuwa mauaji. Robert Bruce alilijua somo hili: Bannockburn mwaka 1314 vikosi vyake vya mikuki vilisonga mbele badala ya kusimama, na alitenga farasi wa kuwapiga wapiga upinde.

Wallace aliponea msituni, akaachia cheo cha Mlinzi. Nafasi yake walichukua Robert Bruce na John Comyn kwa pamoja.

Miaka iliyofuata alikuwa mjumbe. Alikwenda Ufaransa mwaka 1299, na barua ya Mfalme Philip IV ya Novemba 1300 ipo mpaka sasa, ikiwaagiza watu wake walioko Roma wamsaidie "mpendwa wetu William Wallace wa Uskoti, naiti" katika shauri lake kwa Papa. Fukara wa porini haandikiwi barua kama hiyo.

Ufaransa ikafanya amani yake na Uingereza mwaka 1303, Uskoti ikaachwa peke yake. Februari 1304 Comyn na makabaila wakasalimu amri kwa masharti nafuu. Wallace alitengwa kwenye masharti hayo: ajilete mwenyewe, na mfalme atamfanyia atakavyo. Makabaila waliosamehewa waliambiwa kwamba mfalme atawatazama nani anajitahidi zaidi kumkamata.

Kesi ya siku moja

Alikamatwa mwanzoni mwa Agosti 1305 karibu na Glasgow na watu wa John Menteith, Mskoti aliyekuwa akiishika ngome ya Dumbarton kwa ajili ya Edward. Malipo yaliandikwa: maki (fedha ya wakati ule) 40 kwa mtumishi aliyempeleleza, maki 60 za kugawana wengine, na ardhi ya pauni 100 kwa Menteith.

Tarehe 23 Agosti aliingizwa katika Ukumbi wa Westminster akiwa amevishwa taji la majani, kwa dhihaka. Majaji walikuwa watano. Kwa kuwa alikwisha kutangazwa kuwa mtu aliye nje ya sheria, hakuruhusiwa kujitetea. Hata hivyo alisema jambo moja: mengine anayoshitakiwa aliyafanya, lakini mhaini kwa mfalme wa Uingereza hajawahi kuwa, kwa sababu hakuwahi kumwapia.

Hoja ya Edward ilikuwa kwamba Balliol alipojiuzulu, Uskoti yote iligeuka mali yake, na kila Mskoti mtu wake, awe ameapa au hajaapa. Ukiikubali hoja hiyo Wallace ni msaliti. Ukiikataa, pale ukumbini alisimama askari wa nchi nyingine aliyetekwa. Mimi naikataa, na nadhani yeyote atakayeanza kuisoma habari hii mwaka 1286, siyo 1297, ataikataa pia.

Wengi hudhani adhabu yake ilikuwa ghadhabu tu. Hukumu iliyoandikwa inaonyesha kila kipande kililipia kosa lake. Kwa uhaini, akokotwe na farasi kutoka Westminster hadi Mnara wa London, kisha kupitia mjini hadi Smithfield. Kwa wizi na mauaji, anyongwe. Kwa kuwa mtu wa nje ya sheria, akatwe kichwa. Kwa kuyachoma makanisa, moyo na matumbo yake yachomwe moto. Mwili ukagawanywa vipande vinne: Newcastle, Berwick, Stirling na Perth. Kichwa kikawekwa juu ya Daraja la London. Yote yalitekelezwa siku ileile.

Na yule binti wa Ufaransa? Isabella aliolewa na mwana wa Edward mwezi Januari 1308. Wallace alipouawa alikuwa bado mtoto, akiishi kwao. Edward I mwenyewe alikufa Julai 1307, si siku moja na Wallace kama filamu inavyoonyesha.

Edward aliamini Uskoti imekwisha, na mwezi Septemba 1305 akatoa utaratibu mpya wa kuitawala. Februari 1306 Robert Bruce alimuua John Comyn ndani ya kanisa huko Dumfries, na tarehe 25 Machi akasimikwa mfalme Scone. Aliyefaidi kazi ya Wallace ni mtu wa familia ambayo Wallace hakuipigania. Balliol, ambaye jina lake lilikuwa juu ya kila hati ya Mlinzi wake, aliachiliwa mapema na kuishi katika mashamba ya ukoo wake Picardy, Ufaransa, hadi alipofariki karibu na mwisho wa mwaka 1314. Uskoti hakurudi tena.